Mzio na kinga ya mwili: daktari wa Lubumbashi akafanyie wapi utafiti wake?

"Dokta, kifua yake inalia sawa paka."

Mama mmoja wa Ruashi, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliniambia hivyo mwezi wa saba, asubuhi ya baridi, mtoto wake wa miaka 6 amejikunyata kando yake ndani ya kitenge. Mkononi nilikuwa na dodoso linalouliza kama mtoto amewahi kutoa mluzi kifuani katika miezi 12 iliyopita. Mama alikuwa ameshajibu hapana, nami nimeshatia alama penye hapana. Kwake yeye mluzi ni wa refa uwanjani. Nilipoiweka karatasi chini na kumwomba anieleze usiku wa mtoto unavyokwenda, ndipo paka akatokea: analia saa nane za usiku, zaidi siku ambazo mbabula, jiko la makaa, imeachwa ndani ili nyumba ipate joto, na mtoto hukaa kitako mpaka kupambazuke. Ilikuwa pumu. Karatasi yangu ilikuwa karibu kumhesabu mtoto huyo kati ya wazima.

Ugumu huo hata wakubwa wa fani waliujua. ISAAC, ule utafiti wa pumu na mzio wa watoto ulioanza mwaka 1991 na kuenea duniani kwa kutumia dodoso moja, ulitengeneza pia video ya watu wanaohema kwa shida, kwa sababu neno "mluzi" halitafsiriki sawasawa kila mahali. Tangu siku ile ya paka, asistanti, yaani daktari anayesomea ubingwa, awe wa watoto, wa magonjwa ya ndani, wa ngozi au wa mapafu, akinijia na kuuliza aende wapi kufanya utafiti wa mzio na kinga ya mwili, simjibu jina la nchi. Namuuliza kwanza: swali lako linamhitaji mtoto wa Ruashi, au linahitaji mashine?

Yapo maswali ambayo mgonjwa ndiye maabara yenyewe. Na yapo maswali ambayo damu lazima ifike haraka mahali penye vifaa, chembe zake nyeupe zitenganishwe siku hiyohiyo na kuhifadhiwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya chini ya nyuzi 150 chini ya sifuri. Ukichanganya aina hizi mbili utapoteza miaka. Utakwenda ng'ambo kutafuta kitu ulichokiacha mtaani Katuba, au utang'ang'ania nyumbani na swali ambalo umeme wa kukatikakatika hautalilisha.

Kubaki Lubumbashi

Nitakaa hapa muda mrefu zaidi, kwa sababu njia hii ndiyo inayodharauliwa.

Chukua kobalti. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka kwenye ardhi hii yetu ya Katanga. Kobalti inajulikana kuleta mzio wa ngozi wa kugusa, na vumbi lake linaweza kuleta pumu ya kazini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, wakiwa na wenzao wa KU Leuven ya Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya madini kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Mwaka 2018 wakachapisha kazi ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Mwaka 2020 ikafuata kazi ya Lubumbashi iliyohusisha ajira ya baba mgodini na watoto waliozaliwa na kasoro za mwili. Kazi hizo zinahusu sumu. Swali la mzio limekaa mlango wa pili, na asistanti wa ngozi anaweza kuligonga bila pasipoti.

Kipimo chake chenyewe ni kipimo cha kubandika: kobalti kloridi ya asilimia 1 ndani ya vaselini, na nikeli salfeti ya asilimia 5 kando yake, vinabandikwa mgongoni, vinabanduliwa baada ya saa 48, ngozi inasomwa, kisha inasomwa tena saa ya 72 au ya 96. Ukikisoma kwenye kitabu ni chepesi. Ukija kwenye mgongo wa mchimbaji, plasta inaloa jasho na kubanduka saa ya 10, na saa ya 96 mwenyewe yuko shimoni kilomita nyingi kutoka hospitalini. Asistanti niliyemsindikiza katika kazi ya namna hii alijifunza kubandika siku ambayo mtu haendi kazini, kuchora mipaka ya plasta kwa kalamu ya wino usiofutika, na kumfuata mtu kwake kwa usomaji wa pili. Akitoka hapo ameshajua kuendesha utafiti. Maarifa hayo hayafundishwi darasani, si hapa wala huko.

Au chukua viwavi, wale waliokaushwa wanaouzwa sokoni na kuliwa na bukari, ugali wetu. Ndani ya wadudu, kamba wa baharini na utitiri wa vumbi la nyumba imo protini moja, tropomaiosini, inayofanana kiasi kwamba kinga ya mwili iliyozoea kumshambulia mmoja inaweza kumshambulia na mwingine. Botswana waliandika mwaka 2010 habari za mwanamke wa miaka 36 aliyepata mzio baada ya kula viwavi vya mopane. Ni mgonjwa mmoja tu, makala fupi, na bado inasomwa. Wangapi wa kwetu walivimba midomo baada ya kula viwavi wakaambiwa wamerogwa au wamekula vibaya? Daftari moja la chumba cha dharura, likijazwa vizuri kwa miaka 2, laweza kuanza kujibu.

Kipimo cha kuchoma ngozi nacho hakihitaji jengo la ghorofa. Tone la kizio, yaani kitu kinachoshukiwa kuleta mzio, mchomo mdogo kwenye mkono, na vya kulinganishia: histamini ya miligramu 10 kwa mililita, inayovimbisha ngozi, upande mmoja na maji ya chumvi, yasiyovimbisha, upande mwingine, unangoja dakika 15 hadi 20, uvimbe wa milimita 3 au zaidi kuliko ule wa maji ya chumvi unahesabika. Vinavyotakiwa ni friji inayoshika nyuzi 2 mpaka 8 mchana na usiku, na adrenalini iliyo karibu, ya kuchoma kwenye msuli wa paja, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Pasipo adrenalini chumbani, usifungue hata chupa ya kwanza. Hapo sina mjadala na mtu.

Sasa mapungufu ya nyumbani, maana yapo na yanauma. Msimamizi aliyebobea kwenye mzio ni vigumu kumpata. Zamu zinakula usiku wako, na utafiti unafanywa na mwili uliochoka. Idhini ya kamati ya maadili ya chuo lazima uiombe mapema, na vitendanishi unanunua kwa mfuko wako au wa mjomba wako.

Na kuna hili lililonipata mwenyewe. Miaka iliyopita niliwapa washirika wa ng'ambo serumu za watoto 60, kila moja nimeiandika kwa mkono, kwa makubaliano ya mdomo. Serumu zilisafiri ndani ya barafu kavu, na mimi nikabaki na risiti ya usafiri. Majibu hayakurudi. Mpaka leo nikikutana na mmoja wa akina mama wale sokoni, akiniuliza "Dokta, damu ya mutoto ilisema nini?", sina la kumpa. Kwa hiyo, hata ukibaki nyumbani, hakuna chupa inayotoka kabla ya mkataba wa sampuli kutiwa sahihi, ukitaja nani mwenye takwimu, nani ataandika makala, na mabaki yatakaa wapi.

Cape Town

Ukiweka Cape Town kando ya Lubumbashi, cha kwanza utakachokiona ni kwamba kule mzio ni ubingwa unaotambulika, wenye mtihani wake wa taifa, na vilevile kuna diploma ya mzio kwa madaktari wasio mabingwa. Hospitali ya watoto ya Red Cross ina kliniki ya mzio ambamo mtoto anaulizwa, anachomwa ngozi, analishwa chakula kinachoshukiwa chini ya uangalizi, na yote yanaandikwa namna ya kuweza kuchapishwa.

Hilo la kulisha ndilo la kwenda kujifunza. Utafiti wa SAFFA, wa mzio wa chakula Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2019 uliwapima watoto wa miezi 12 hadi 36: wa mjini Cape Town, na wa vijijini katika jimbo la Eastern Cape. Mzio wa chakula uliothibitishwa kwa kulisha ulikuwa asilimia 2.5 mjini na 0.5 kijijini, na mjini yai lilitangulia, karanga ikafuata. Uzito wa namba hizo umo katika kuthibitishwa. Wangeishia kwenye kipimo cha ngozi au cha damu wangepata namba kubwa zaidi zisizo za kweli. Watoto wa shule wa Ghana, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, walikuwa na kingamwili za IgE, zile za mzio, dhidi ya karanga na bado walikula karanga bila kudhurika. Kingamwili hizo zilielekea kutokana na sukari zinazofanana kwenye mimea na kwenye minyoo ya kichocho. Fikiria daktari wa hapa anayemkataza mtoto karanga kwa sababu ya karatasi ya maabara, katika nyumba ambayo karanga ndiyo protini ya bei nafuu. Ustadi wa kumlisha mtoto kijiko kwa kijiko, ukijua lini usimame, ndio ninaotaka kijana wetu arudi nao.

Gharama yake? Kiingereza kwanza, na si cha kusomea tu, cha kumtuliza mama anayelia. Pili usajili kwenye baraza la madaktari la Afrika Kusini, wenye karatasi nyingi na subira ndefu. Tatu nafasi: mgeni kwa kawaida huchukuliwa nje ya idadi ya nafasi za serikali, maana yake mshahara wake hautoki kwao, lazima nchi yake, hospitali yake au mfadhili amlipe. Kwa madaktari wa watoto kuna mpango wa Chuo Kikuu cha Cape Town wa kufundisha Waafrika ubingwa wa watoto kwa makubaliano kwamba watarudi kwao, na hospitali inayokutuma huhusishwa tangu mwanzo. Sharti hilo wengine hulichukia. Mimi nalipenda, kwa sababu linamlazimisha mkubwa wako wa idara hapa kutia sahihi kwamba ukirudi utapewa chumba na siku ya kliniki.

Kwa hiyo: mgonjwa unaye, msimamizi unaye, maabara nzuri unayo, fedha huna. Kwa anayetaka kuwa daktari wa mzio anayefanya utafiti, naiweka mbele ya zote.

Entebbe, na Lambaréné pia

Entebbe si mahali pa kwenda kupata ubingwa wa kutibu. Ni mahali pa kuwa mtafiti. Kituo cha utafiti cha Uingereza na Uganda kilichopo pale, kando ya Ziwa Victoria, kimejenga kwa miaka mingi swali moja ambalo ni letu kabisa: minyoo inaifanya nini kinga ya mtoto?

Katika utafiti wa mama na mtoto wa Entebbe waliandikishwa wanawake wajawazito 2,507 kati ya mwaka 2003 na 2005. Wengine wakapewa dawa ya minyoo, wengine kidonge kisicho na dawa. Watoto ambao mama zao walipewa albendazoli, mojawapo ya dawa hizo, walipata ukurutu wa utotoni zaidi. Watu wakadhani siri imepatikana: ondoa minyoo, mzio unaingia. Kisha kwenye visiwa vya ziwa hilo vijiji vizima vikapewa dawa mara nyingi kwa miaka 3, na mzio haukubadilika kwa namna waliyoitarajia. Napenda sana jambo hili: kikundi kilekile kilichoibua wazo ndicho kilicholijaribu tena na kuchapisha jibu lisilolipendeza wazo. Kijana akikulia katika nyumba ya namna hiyo, atajifunza kutoipenda nadharia yake kuliko watoto anaowapima.

Kwa Lubumbashi, Entebbe ina faida ya Kiswahili kidogo na Kiingereza kingi, mafunzo ya takwimu, friza zinazofanya kazi, na shahada ya uzamivu ya miaka 3 hadi 4. Hasara ni kwamba utakuwa mbali na chumba cha wagonjwa, na ukirudi bila ubingwa uliokamilika unaweza kukuta mlango wa hospitali umefungwa. Maliza ubingwa kwanza, kisha nenda.

Asiyetaka Kiingereza ana Lambaréné, Gabon. Pale, mwaka 2000, ilichapishwa kazi iliyoonyesha kuwa watoto wenye kichocho ngozi zao ziliitikia kidogo zaidi utitiri wa vumbi. Kituo chao kinafundisha, na Kifaransa ndicho lugha ya mji.

Ulaya: Ufaransa na Ubelgiji

Hizi mbili tumezoea kuzitaja kwa pumzi moja, na ni njia tofauti kabisa.

Ufaransa iliufanya mzio kuwa ubingwa kamili katika mageuzi ya mwaka 2017, miaka 4. Kwa daktari wa kwetu aliye katikati ya ubingwa kuna DFMS, diploma ya mafunzo ya ubingwa kwa madaktari wa nje ya Ulaya, inayoombwa kwa kupitia ubalozi: mihula 2 hadi 6 ndani ya hospitali za Ufaransa, ukilipwa kama daktari mwanafunzi. Kwa mfuko wako ni nafuu kubwa, na lugha si kizuizi. Ila diploma hiyo haikupi haki ya kutibu Ufaransa, na katika muhula wa zamu utafiti unasukumwa pembeni kama ilivyo hapa. Anayetaka utafiti hasa aombe mwaka wa masta ya pili ya elimu ya kinga, ambako atakaa maabara miezi mfululizo. Hapo mashine ipo. Mgonjwa wako hayupo.

Ubelgiji mimi naipendea jambo moja, uzamivu wa kupokezana: miezi kadhaa kule, miezi kadhaa hapa, wasimamizi wawili, mmoja kila upande. Zile kazi za kobalti zilionyesha ushirika huo unavyoweza kuzaa. ARES, shirika la vyuo vikuu vya Ubelgiji ya Kifaransa, hutoa ufadhili wa masomo na wa mafunzo mafupi kwa raia wa nchi kadhaa, Kongo ikiwemo. Ukipata njia hii sampuli zako zina mwenyewe kila upande wa safari, na mwenyewe huyo ni wewe.

Marekani

Kwa ufupi. Kule mafunzo ya mzio na kinga ni miaka 2, na nyingi ya programu huachia sehemu kubwa ya mwaka wa pili kwa utafiti. Lakini ili kuufikia mlango huo lazima kwanza ufanye mitihani ya USMLE, ya leseni ya udaktari ya Marekani, upate cheti cha ECFMG cha daktari aliyesomea nje, kisha urudie ubingwa wa watoto au wa ndani kule, miaka 3. Bingwa wa Lubumbashi mwenye miaka 36 afikiri mara mbili. Anayekwenda kwa viza ya J-1 ya mafunzo ya kitabibu anatakiwa kurudi kwao miaka 2 akimaliza, isipokuwa apate msamaha.

Njia nyingine ni kuwa mtafiti mgeni katika maabara za serikali kama NIAID, taasisi ya taifa ya mzio na magonjwa ya kuambukiza, bila kugusa mgonjwa. Wadogo zangu wa Goma na Bukavu huniuliza habari za NIAID kuliko za mahali pengine, na naelewa sababu. Kingamwili ya mAb114, dawa ya Ebola, ilitolewa kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, na ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina katika jaribio la PALM lililoendeshwa na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, pamoja na NIAID. Wagonjwa 681, na mwezi wa 8 mwaka 2019 ikaonekana kuwa dawa 2 kati ya 4, mAb114 ikiwemo, zinaokoa zaidi. Damu ilikuwa ya Mkongo na wagonjwa walikuwa wa Kivu Kaskazini. Waliosimamia dozi ni madaktari na wauguzi wa hapa hapa.

Nani aende wapi

Asistanti wa ngozi mwenye swali la kobalti abaki, na atafute msimamizi wa pili Ubelgiji kabla ya kubandika plasta ya kwanza. Daktari wa watoto anayetaka kuanzisha kliniki ya mzio hapa, hata kama ya siku moja kwa wiki, aende Cape Town, na asiondoke bila sahihi ya mkubwa wake. Anayevutwa na minyoo, kichocho na IgE, na ambaye hesabu hazimtishi, Entebbe inamfaa kuliko Paris. Aliye mwaka wa pili wa ubingwa, hana fedha, na Kiingereza chake ni cha salamu, aombe DFMS sasa hivi, maana nafasi hiyo ni ya mtu ambaye bado yuko kwenye mafunzo. Marekani ni ya kijana aliyemaliza udaktari mwaka huu na yuko tayari kuanza upya kabisa.

Barua ya kwanza kwa msimamizi, popote alipo, iwe fupi. Niliyoisoma ikanifurahisha ilikuwa na mistari 9: swali, wagonjwa wangapi anaowaona kwa mwezi wenye tatizo hilo, kipimo gani anacho tayari, kipi hana, na idhini ya kamati ya maadili imefikia wapi. Wasifu aliuambatisha, hakuusimulia. Alijibiwa siku ya tatu.

Mtoto wa Ruashi sasa anavuta dawa yake ya pumu asubuhi na jioni, na mbabula inalala nje. Dodoso langu jipya lina mstari ulioandikwa kwa maneno ya mama yake: kifua ya mutoto inalia sawa paka, usiku, hata kama hana mafua? Akina mama wanalijibu bila kunitazama usoni mara mbili.